Bedford ya jeshi imeamka na moshi wa rangi tatu: soma hii kabla hujakubali kushusha injini

Ilikuja gereji kwetu juu ya lobedi (trela la kubebea magari) mwezi wa saba mwaka jana, asubuhi ile ya baridi ya Arusha ambayo ukiongea unaona pumzi yako. Bedford MK, kijani ya jeshi la Uingereza bado inachungulia chini ya rangi ya krimu waliyopaka watu wa safari za watalii, tairi zimekufa zote, kioo cha kushoto hakuna, na juu ya keria majani ya mgunga ya miaka kama tisa hivi. Mwenyewe, mzee mmoja mstaafu, alikuja nyuma na bodaboda. Tumemwamkia, hata chai hajaigusa, akatoa karatasi mfukoni. Gereji aliyoanzia (jina tuliache) walimwandikia seti sita za pistoni, ringi (zile pete za kuzibia pistoni), sleeve (ukuta wa ndani wa silinda), beringi za krenki, hedi kuchongwa, nozeli sita mpya na pampu. Sababu? Inatoa moshi sana.

"Moshi wa rangi gani mzee?"

"Wote."

Tulicheka, lakini mzee hakuwa anatania. Ikiwaka nyeupe tii, ukikanyaga mafuta nyeusi, ukiachia halafu ukikanyaga tena kuna kabluu kanapita. Sasa ukimpelekea fundi mwenye haraka gari ya namna hiyo, si ndo anaandika karatasi ndefu? Rangi tatu anaona ni magonjwa matatu makubwa kwahiyo bora ashushe injini yote aanze moja, na hela ni yako wewe.

Tunaandika hii makala kwa sababu tangu tumalize ile kazi tumepigiwa simu nyingi na wenye gari za namna hii, Bedford, Unimog, zile Leyland za zamani, na karibu wote wameshaambiwa "injini imechoka". Ngoja tuseme kitu ambacho ndo msingi wa kazi yetu kwenye gari za jeshi. Daladala inakufa kwa kutembea. Gari ya jeshi mara nyingi inakufa kwa kukaa. Kule jeshini ilikuwa inafanyiwa sevisi kwa kalenda hata kama haijatembea, ikaja ikauzwa, ikazunguka na watalii miaka kadhaa, afu ikaegeshwa chini ya mti na dizeli nusu tanki. Ringi zinashika kwenye pistoni, vali zinaota kutu, mipira ya mafuta inakakamaa, panya wanahamia. Ukiiamsha itatoa moshi wa rangi ileile ya injini iliyochoka, ila dawa yake sio ileile na bei yake haikaribiani hata kidogo.

Kwa wasioijua, MK ni lori la tani nne, magurudumu yote manne yanavuta, lilitengenezwa Dunstable Uingereza na lilianza kuingia jeshini mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuchukua nafasi ya Bedford RL. Injini silinda sita, inchi za ujazo 330, yaani kama lita 5.4 hivi, haina turbo, na ni ile wanayoita multifuel. Hilo neno multifuel lina kesi yake, tutalirudia.

Nyeupe kwanza maana ndo inayokukaribisha

Dizeli haina plagi ya kuchoma. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inapata joto la zaidi ya nyuzi 500, nozeli inapiga mafuta kama ukungu, yanajiwasha yenyewe. Ile joto isipofikiwa, au mafuta yakifika kwa wakati mbaya, au yakifika kama matone badala ya ukungu, hayaungui, yanatoka nje kwenye ekzosi kama mvuke mweupe unaochoma macho. Huo ni mweupe wa dizeli mbichi. Kuna mweupe mwingine wa maji, huo hauchomi macho sana, una kaharufu katamu ka kulanti (dawa ya maji ya rejeta) na rejeta inapungua bila kuvuja popote. Simama nyuma ya gari pembeni kidogo, nusa. Macho yakitoa machozi, acha kuwaza hedi gasketi kwanza.

Ya mzee ilikuwa inachoma macho mpaka jirani yetu anayeuza matofali alikuja kulalamika.

Kitu cha kwanza tulichoangalia ni betri, na hapa watu wanatushangaa. Gari za jeshi za namna hii ni volti 24, betri mbili za volti 12 zimefungwa mfululizo. Moja ikifa nusu, stata bado itazungusha ila kivivu, na injini ikizungushwa kivivu hewa inapoteza joto kwenye kuta za silinda kabla haijabanwa vizuri. Matokeo yake moshi mweupe na fundi anasema kompresheni (ule mbano wa hewa) hamna. Gereji ya kwanza wao walitatua kwa kupuliza dawa ya kuwashia kwenye mdomo wa hewa, aisee, usifanye hivyo kwenye injini iliyolala miaka, ringi zilizoshika zinavunjika hapohapo. Na injini nyingi za Kiingereza za zamani zina kile kifaa cha CAV, Thermostart, kinachodondosha dizeli na kuiwasha ndani ya manifodi (bomba la kuingizia hewa) ili kupasha hewa, ukipuliza ile dawa hapo kifaa kikiwa cha moto umejitengenezea bomu. Hicho kifaa chenyewe kikivuja kinadondosha dizeli kwenye manifodi muda wote na ni moshi mwingine huo. Ukikishuku funga mrija wake kwa muda uone.

Tukabadilisha betri. Kisha, kabla ya stata yoyote, tulitoa nozeli zote sita, tukamimina oili nyepesi kidogo kila silinda, tukaiacha siku tatu. Mzee alikuja kila siku kuuliza, kila siku tunamwambia bado inakunywa. Siku ya nne tukazungusha krenki kwa mkono, taratibu, raundi mbili kamili, hamna mahali pa kugoma. Hapo ndo roho ilitulia.

Mafuta yalikuwa hadithi nyingine. Tanki lilitoa kitu cha rangi ya chai na chini kuna makamasi meusi, yale ni vijidudu vinavyoishi pale maji na dizeli zinapokutana, na maji lazima yawepo kwa sababu tanki nusu tupu usiku linatoa jasho kwa ndani. Sasa lile la multifuel. Mzee aliambiwa na kijana mmoja kwamba gari yake inakula mafuta yoyote, kwahiyo alipotaka kuijaribu akaongeza dumu la mafuta ya taa. Ni kweli jeshi lilitaka injini inayoweza kuvumilia mafuta tofauti vitani pakiwa hakuna dizeli, lakini kuvumilia sio kupenda. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi pampu kama dizeli, na pampu ndo kitu ghali kuliko vyote mbele ya ile injini. Wabongo tunaijua hii habari vizuri, uchakachuaji ulifika mahali bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili isiwe na faida kuyachanganya kwenye dizeli. Wewe sasa unajichakachua mwenyewe?

Hatukusafisha tanki siku hiyo, tulifanya kitu cha haraka zaidi ambacho hata wewe nyumbani unaweza. Chukua dumu safi la lita tano, dizeli mpya, litundike juu kuliko injini, vuta mpira mpya mpaka kwenye filta, toa upepo, washa. Kama moshi unapungua sana basi tatizo liko nyuma huko kwenye tanki, mipira au pampu ndogo ya kuvuta, hujagusa injini hata kidogo. Kwa mzee ulipungua zaidi ya nusu. Mpira wa kutoka kwenye tanki tulipoukunja ulipasuka kama kuki. Mipira ya hivyo haivuji mafuta nje, inanyonya hewa ndani, ndo maana huoni tone chini halafu injini inamisi. Na sili za zamani pia zinasumbua, tangu Januari 2015 nchi zetu za Afrika Mashariki zilihamia dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, ni nzuri kwa mapafu yetu ila sili zilizozoea dizeli ya kizamani zinaweza kusinyaa, kwahiyo ukiamsha gari ya zamani badili mipira na sili zote za mafuta bila kujadiliana.

Zaidi ya nusu sio yote. Bado ilikuwa inamisi kwenye sailensa, tuku-tuku-tuku-pff, na ule mweupe mwembamba. Hapo kuna silinda moja haifanyi kazi. Ipi? Wengi wanalegeza nati za mirija ya nozeli moja moja wakisikiliza, ukilegeza ya silinda nzima injini inadondoka, ukilegeza ya silinda mbovu hamna tofauti. Njia nzuri, ila funika na kitambaa, vaa miwani, na kamwe usipeleke mkono kutafuta mafuta yanatoka wapi. Nozeli inafunguka kwa presha ya karibu mara mia mbili ya hewa ya kawaida, ile sindano ya dizeli inapita kwenye ngozi bila kuuma sana, unaona kidoa tu, na baada ya masaa mkono umevimba. Hiyo ni ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo na kumwambia daktari kwamba ni dizeli imeingia kwa presha, sio kuweka plasta.

Sisi tulitumia njia ya kimaskini. Injini baridi, washa, subiri dakika moja, halafu na kijiti kilicholowa maji gusa kila tawi la manifodi ya ekzosi pale linapotoka kwenye hedi. Moja, tsss. Mbili, tsss. Tatu, tsss. Nne, kimya. Tone limekaa pale linatutazama. Tano, tsss. Sita, tsss.

Tulifungua kifuniko cha juu cha tapeti, na ile fimbo inayosukuma vali ya ekzosi ya silinda ya nne ilikuwa imeruka kwenye kikombe chake imelala pembeni, vali yenyewe imeshika kwa kutu ikiwa wazi, haifungi vizuri. Kwahiyo kompresheni kweli hamna, lakini sio kwa sababu ya ringi wala sleeve! Mafuta ya kupenyeza kutu, nyundo ya plastiki, kugonga kidogo kuacha, kugonga kidogo kuacha, mchana wote mpaka ikaanza kurudi yenyewe kwa springi. Fimbo tuliivingirisha juu ya kioo kuona kama imepinda, ilikuwa imepinda, tukatafuta nyingine. Tapeti zote tukaziseti upya. Washa. Nyeupe ikaisha ndani ya dakika tatu, injini imepata joto, jirani wa matofali akanyoosha dole gumba.

Nyeusi, na panya wa Usa River

Moshi mweusi tafsiri yake ni rahisi, mafuta mengi kuliko hewa. Swali ni upande upi wenye kosa, na watu wanakimbilia upande wa mafuta kwa sababu nozeli zinauzwa na hewa haiuzwi.

Anza na hewa. Hii gari ililala kwenye shamba la kahawa maeneo ya Usa River jirani na ghala la mahindi. Nilipoingiza mkono kwenye nyumba ya filta ya hewa nilitoa gunzi la kwanza nikadhani utani. Tulitoa magunzi kumi na moja, manyoya ya godoro, na soksi moja ya mtoto. Soksi! Filta yenyewe imeliwa upande mmoja, na ule mpira mkubwa unaotoka kwenye filta kwenda kwenye manifodi kwa nje mzima kabisa ila kwa ndani tabaka limeachana, kwahiyo ukikanyaga mafuta injini inavuta, lile tabaka linajikunja linaziba njia. Ukiangalia gari imezima huoni kitu. Kwahiyo mpira wa hewa wa zamani usiuangalie, ubonyeze, uupinde, uingize kidole.

Kisha kuna hili la mwinuko ambalo gereji za Dar hazina sababu ya kuliwaza. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya bahari na hewa ya hapa imepungua karibu sehemu moja ya saba ukilinganisha na pale Kariakoo. Ukienda na watalii ukapanda ule ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu mpaka ukingo wa kreta Ngorongoro, mita 2,300 hivi, robo ya hewa hamna. Pampu ya zamani haijui uko wapi, inapiga mafuta yaleyale ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo lazima itatoa weusi kidogo kwenye mlima na mzigo, hiyo sio ugonjwa, na mtu akikuuzia nozeli sita kwa sababu gari inafuka kidogo pale juu ya Mto wa Mbu amekuuzia hewa. Wamarekani wenyewe hili waliliona, lile lori lao la M35A2 lenye injini ya multifuel LDT-465 liliwekewa turbo na sababu kubwa ilikuwa kupunguza moshi mweusi, sio kutafuta nguvu. Lori la vita linalojitangaza kwa moshi kilomita tatu kabla halijafika, adui anahitaji nini tena.

Ila ya mzee haikuwa weusi kidogo. Hata baada ya kumtoa panya, ukikanyaga mafuta ilikuwa inamwaga wino. Tukaenda kwenye pampu na jibu lilikuwa linaonekana kwa macho, ile waya ya lakiri kwenye skrubu ya kikomo cha mafuta imekatwa na skrubu imefunguliwa. Mtu fulani zamani alisikia gari haina nguvu (kwa sababu ya hewa, au breki zinabana) akaongeza mafuta. Nguvu unaipata kidogo, moshi unaupata mwingi, na joto la ekzosi linapanda mpaka pistoni inaanza kuyeyuka kichwani. Tulituma pampu na nozeli kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, hilo hatufanyi kwa kukisia na wewe usikubali fundi akuseti pampu kwa sikio. Nozeli nne zilikuwa nzima zikahitaji kusafishwa na kusetiwa presha tu, mbili zilikuwa zinadondosha matone tukabadili ncha zake. Mbili, sio sita.

Vitu vingine vya kuangalia kwenye weusi nitavitaja harakaharaka: breki zinazobana (baada ya kutembea gusa ringi za magurudumu, moja ikiwa ya moto kuliko wenzake umeshajua), taiming ya pampu iliyosogea baada ya kufungwa vibaya, bomba la ekzosi lililopondeka au nyigu wamejenga ndani, na kwenye pampu zile za silinda za mstari kuna kitufe cha kuongeza mafuta wakati wa kuwasha baridi, kikijamu ndani inakuwa imewashwa muda wote.

Bluu, na aibu yetu wenyewe

Bluu ni oili inaungua. Na hapa ndo wateja wanapoteza hela kuliko kote maana kila mtu anajua bluu ni ringi, ringi ni kushusha injini, mwisho wa habari.

Miaka ya nyuma kidogo tuliletewa lori lingine la zamani la jeshi linafuka bluu vibaya mno, sisi na ujuaji wetu tukafungua hedi. Tukakuta sleeve nzuri, vali nzuri, tukatazamana. Lile lori lilikuwa na filta ya hewa ya bakuli la oili, ile ambayo hewa inapita juu ya oili inaacha vumbi, na dereva katika kupenda gari yake alikuwa amejaza bakuli mpaka shingoni. Injini ilikuwa inainyonya ile oili moja kwa moja. Kumwaga oili nusu lita ingemaliza kazi. Hedi gasketi tulinunua sisi na siku nne za kazi hatukumdai mtu. Tangu hapo kwenye ukuta wa gereji kuna kibao kimeandikwa BAKULI KWANZA, wateja wanadhani ni mambo ya chakula.

Kwahiyo sasa tunauliza lini inatoa bluu. Asubuhi ikiwaka tu halafu inaacha, au ukishuka mlima mrefu umeachia mafuta halafu chini ukikanyaga linatoka wingu, hiyo mara nyingi ni gaidi za vali (vile vijibomba ambamo vali zinapita) na sili zake. Inatoa muda wote na inazidi ukipanda na mzigo, na ukifungua kifuniko cha kuwekea oili injini inawaka unaona moshi unapiga kama bomba la jiko, hapo ndo ringi zinaingia kwenye maongezi. Zinaingia tu, hazijahukumiwa bado. Gari za jeshi, hasa zile zilizobeba redio na jenereta, zilikuwa zinaachwa zinaunguruma masaa bila kutembea, na injini ya dizeli ikiunguruma bila mzigo muda mrefu haipati joto la kutosha, sleeve zinapata ngozi inayong'aa kama kioo na ringi hazikai vizuri. Ongeza miaka tisa chini ya mgunga.

Ya mzee ilikuwa na kabluu ka namna hii. Kompresheni tulipima silinda zote, zilikuwa zinakaribiana, ya nne ikiwa chini kidogo. Tukamwambia ukweli, mzee kuna uwezekano wa kushusha hii injini, lakini kabla ya hapo tupe mchanga, mzigo uipe injini joto labda ringi zitakaa. Akadhani hajasikia. Tulipakia tani tatu za mchanga, tukaweka oili ya kawaida ya dizeli na sio ile ya bei mbaya, tukajaza mpaka alama ya juu, tukaelekea Moshi. Ndio, tunaenda Moshi tunatoa moshi, vijana pale Tengeru walishaturushia huo utani. Kama kilomita 80 kwenda na 80 kurudi, gia inayoifanya injini ivute, sio mbio, na hakuna kusimama kuunguruma ovyo. Tuliporudi oili ilikuwa imeshuka unene wa kidole kwenye dipstiki. Tukamwaga ile oili, imekuwa nyeusi kama lami, tukaweka mpya na filta, kesho yake tena Moshi. Safari hii imeshuka nusu ya jana. Safari ya tatu mzee alikuja mwenyewe akakaa katikati yetu na kofia yake, akawa anachungulia kwenye kioo cha pembeni kila mlima, mpaka Kikatiti akasema, "Vijana mbona sioni kitu?" Ilikuwa haitoi kitu.

Sio kila gari itapona kwa mchanga. Kama silinda moja kompresheni iko chini mbali na wenzake, au oili inashuka palepale baada ya safari ya tatu, tunashusha injini na tunakuonyesha kwa nini. Ila tunashusha baada ya kujua.

Hii moja isome hata kama umeruka zote

Kuna moshi wa bluu unaoanza wakati oili kwenye dipstiki inapanda badala ya kushuka. Wenye gari wanafurahi, eti injini yangu haili oili. Ule mpira wa ndani wa pampu ndogo ya kuvuta dizeli ukipasuka, dizeli inaingia kwenye oili. Nusa dipstiki. Au dondosha tone kwenye gazeti uliache usiku, likiwa na duara jeusi katikati na pete pana ya mafuta imelizunguka, kuna dizeli. Usiiwashe. Oili iliyojaa na nyepesi injini inaweza kuanza kuinyonya na kujiendesha yenyewe, resi inapanda, unazima ufunguo haizimi, unavuta kamba ya kuzimia haizimi, maana hailishwi na pampu tena. Ikitokea, watu wakae mbali na pembeni ya injini, na ziba mdomo wa hewa kwa ubao bapa au kitu kigumu, sio mkono na sio kitambaa, kitambaa kinamezwa. Kama uko ndani ya gari, kanyaga breki yote, weka gia ya juu kabisa na uachie klachi uizimishe. Sekunde chache tu unazo. Sisi kila gari tunayoiamsha mtu mmoja anasimama na ubao karibu na mdomo wa hewa, wateja wanadhani anatupimia kitu.

Sasa huduma yenyewe. Gari ya jeshi iliyolala tunaichukua kwa uchunguzi kwanza, siku nne mpaka sita kwa sababu ya kule kuloweka silinda, na hela ya uchunguzi inakatwa kwenye kazi ukiamua kuendelea nasi. Ukiamua kwenda kwingine tunakupa karatasi yetu na namba za kompresheni za kila silinda, ni za kwako. Spea za Bedford bado zinapatikana, nyingine tunaagiza Uingereza, nyingine tunazipata kwenye mayadi ya hapahapa maana lori za jamii hii zimekuja nyingi na watu wa safari za ovalandi.

Ukija tuletee ikiwa juu ya lobedi, baridi, haijawashwa njiani hata kama dereva anasema inawaka vizuri tu. Usibadili oili kabla, tunataka kuinusa hiyohiyo. Usimwage mafuta ya tanki. Kama kuna mtu alishaipulizia dawa ya kuwashia sema tu, hatutakasirika. Na tafadhali usiioshe injini, juzi kaka mmoja alituletea Unimog inang'aa kama harusi na ametuoshea kila alama ya uvujaji tuliyokuwa tunaitafuta, ikabidi tusubiri wiki nzima ichafuke upya.